Barua kwa Baba: Yule Mwenye Nyundo pale Nation

Paris, Jumapili jioni

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na naomba barua hii iwakute nyote wazima hapo Tanga. Baridi imeanza kupungua na kazi zipo.

Baba, uliiona ile picha niliyokutumia ukaniuliza yule mtu mwenye nyundo begani ni nani, na kwa nini mhunzi asimamishwe katikati ya mji mkubwa, ilhali Dar pale mjini tumemsimamisha askari. Kwenye simu sikukujibu vizuri. Nimekaa leo nikujibu kwa maandishi, kwa sababu habari ya aliyemchonga ni ndefu na imeniingia moyoni.

Nation ni kiwanja cha duara upande wa mashariki ya Paris, barabara nyingi zinakutana hapo, na ndipo ninapobadilisha treni kwenda saiti. Katikati kuna sanamu kubwa ya shaba nyeusi: mwanamke amesimama juu ya tufe la dunia, na tufe limebebwa na gari la kukokotwa na simba wawili. Huyo mwanamke ni Jamhuri. Mbele yuko kijana mwenye mwenge, ndiye Uhuru, anawaongoza simba. Nyuma yuko mwanamke mwingine anayemwaga neema. Ubavuni kuna wawili wanaosukuma magurudumu. Mmoja ni Haki. Mwingine ni huyo uliyemuuliza, kifua wazi, amevaa aproni ya ngozi. Jina lake ni Kazi. Jamhuri amesimama juu ametulia, lakini ukiangalia vizuri utaona gari haliendi bila huyo wa chini kuweka bega.

Aliyeitengeneza anaitwa Jules Dalou. Alizaliwa hapa Paris tarehe 31 Desemba 1838, wazazi wake mafundi wa kushona glavu. Alipokuwa kijana mdogo, mchongaji Carpeaux aliona mkono wake ni mwepesi akamsaidia kuingia shule ya sanaa. Baadaye alishindania mara kadhaa ile tuzo ya Roma iliyokuwa ikiwafungulia njia wachongaji, hakuipata. Akawa fundi wa kulipwa tu, anapamba nyumba za matajiri, kama ile ya kifahari ya bibi tajiri aliyeitwa La Païva kwenye barabara ya Champs-Élysées. Nadhani ndipo alipojifunza kuwatazama watu wa kazi: alikuwa miongoni mwao, analipwa pamoja nao.

Mwaka 1871, baada ya Ufaransa kushindwa vita na Wajerumani, watu wa Paris, wengi wao wafanyakazi, waliutwaa mji wakajitawala wenyewe miezi miwili. Wanaiita Komuni. Dalou aliingia, akawekwa kati ya waliolinda jumba la makumbusho la Louvre lisiporwe wala kuharibiwa. Mwezi Mei jeshi la serikali likarudi mjini na watu wakauawa kwa maelfu. Yeye akakimbilia London na mke wake na binti yao mdogo. Mahakama ikamhukumu asipokuwepo: kazi ngumu maisha.

Mama, miaka hiyo ya London ndiyo ninayoifikiria sana. Alikuwa ugenini, Kiingereza hajui. Mchoraji mmoja mwenzake kutoka kwao, Legros, alikuwa ametangulia kufika, akamshika mkono. Akapata kazi ya kufundisha ufinyanzi wa sanamu katika shule ya sanaa ya South Kensington. Kwa kuwa maneno hana, alikuwa akisimama mbele ya wanafunzi na udongo, anafinyanga, wanamtazama mikono mpaka sanamu inatokea. Nami nilipofika hapa sikuwa na Kifaransa, na kazi niliionyesha kwa mwiko na timazi. Wale vijana wa Kiingereza walishika kweli alichowafundisha, na uchongaji wa nchi yao ukabadilika kwa sehemu kubwa kwa ajili yake.

Na alichonga nini huko? Wanawake wa kwao. Mama wa shamba wa Kifaransa anamnyonyesha mtoto, wanawake wa pwani ya Boulogne na mavazi yao. Sanamu hiyo ya mama anayenyonyesha, ya mwaka 1873, bado iko London katika makumbusho ya Victoria na Albert. Hukumu inamzuia asikanyage nyumbani, naye anaifinyanga nyumbani kwa udongo wa nchi nyingine.

Mwaka 1879 mji wa Paris ulitangaza shindano la sanamu ya Jamhuri, akatuma mfano wake kutoka uhamishoni. Hakushinda, kiwanja cha shindano, kinachoitwa République, wakapewa ndugu wawili wa ukoo wa Morice. Lakini mfano wa Dalou uliwapendeza wakuu wa mji hata wakamwagiza aujenge pale Nation. Mwaka huohuo msamaha ukatolewa, akarudi. Kazi ikamla miaka 20. Mwaka 1889 walizindua ya plasta kwa muda, na ya shaba ikakamilika tarehe 19 Novemba 1899. Siku hiyo wafanyakazi walipita mbele yake kwa saa nyingi, makundi kwa makundi, wamebeba bendera nyekundu. Baadaye waliongeza bwawa na mamba wa shaba kuzunguka, lakini mamba hao waliyeyushwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Simba na mhunzi wakabaki.

Kazi zake nyingine ziko mji mzima. Ya mchoraji Delacroix ipo bustani ya Luxembourg, ni nzuri, watu wanaipiga picha sana. Mimi iliyonisimamisha ni ile ya makaburi ya Père-Lachaise, ya Victor Noir, mwandishi wa gazeti aliyepigwa risasi na binamu wa mfalme Januari 1870. Dalou amemlaza chali kama alivyoanguka, koti wazi, kofia imedondoka kando. Hakumpa mabawa wala malaika wa kumlilia. Ni kijana aliyeuawa, basi.

Lakini Baba, kubwa aliyoitaka hakuijenga. Tangu 1889 alikuwa anawaza mnara kwa heshima ya wafanyakazi: mnara mrefu wa mawe, na chini yake vishubaka kuzunguka, ndani ya kila kishubaka mtu na kazi yake. Alikwenda mwenyewe mashambani na viwandani kuwatazama. Akafinyanga vijisanamu vidogo vingi, vingine urefu wa kiganja: anayechimba, anayepiga chuma, anayenyoosha ufyekeo. Viko makumbusho ya Petit Palais, na hawatozi kiingilio, kwa hiyo nakwenda. Alama za vidole vyake bado zinaonekana kwenye udongo. Mkulima mmoja tu ndiye aliyefikia kimo cha mtu kamili, amevaa nguo zake za kawaida, anakunja mikono ya shati kabla hajaanza. Yuko makumbusho ya Orsay, hapa hapa Paris. Nikimtazama mabega nakuona wewe asubuhi, kabla hujachanganya udongo. Hakuna mfalme wala jemadari niliyemwona hapa aliyechongwa kwa heshima kama hiyo.

Dalou alikufa tarehe 15 Aprili 1902, mnara haujaanza. Mke alikuwa ametangulia. Yule binti yao, Georgette, alizaliwa na ulemavu na hakuweza kujitunza. Mama, najua hapa utasimama kwanza. Baba yake alikuwa amepanga vyote vilivyobaki karakanani vimtunze, chini ya nyumba moja ya yatima wa wasanii, na mwaka 1905 mji wa Paris ukavinunua. Ndiyo maana vile vijisanamu havikutawanyika.

Pesa ya lipu ya chumba cha nyuma nimeituma kwa simu, thibitisheni imefika. Baba simamia mwenyewe, ila jukwaani apande Hamisi, mgongo wako haujapona. Bibi mpeni salamu zangu, na mwambieni Mwanahawa anitumie matokeo yake yakitoka.

Mwanenu,
Salimu