Hoteli ziache kupima visigino vya wasichana kwa rula

Mhariri,

Mimi ni fundi wa viatu hapa Mwembe Tayari, mwaka wa 26 huu. Nimezoea kumtazama mtu miguu kabla ya uso. Ninaandika kwa sababu ya pea moja iliyoletwa kibandani kwangu juma lililopita, na ninavyoandika ingali imening'inia msumarini.

Mwenyewe ni msichana wa Likoni, yuko mapokezi katika hoteli moja ya huku kwetu. Viatu ni vyeusi, vya mchuchumio, kisigino chembamba cha inchi 3. Akaniinamia sikioni: "Baba, nikatie hata nusu. Lakini isijulikane." Nikamuuliza, isijulikane na nani? Akasema msimamizi wao ana rula. Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Kumbe kanuni yao ya mavazi imeandikwa kabisa kwamba kisigino cha mwanamke wa mapokezi kisipungue inchi 3, na kuna asubuhi wanapangwa mstari wakapimwa kama mbao.

Nikavipindua. Kiatu ukikipindua kitakwambia mengi ambayo mvaaji hakwambii. Soli ya mbele, chini ya mzizi wa vidole, imelika duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 hadi inabonyea kwa kidole, ilhali katikati ni mpya kama ilivyotoka dukani. Kile kipande cha raba cha chini ya kisigino kimekwisha upande wa nje, cha kushoto zaidi, maana yake kifundo kinalala nje kila akikanyaga. Ndani pamechimbika vishimo vya vidole, na ubavuni mwa dole gumba pana doa la damu iliyokauka. Nikamwomba anionyeshe mguu. Ana miaka 24, na kinundu cha dole gumba kimeshaanza kuchomoza.

Sikusomea udaktari, lakini hili halitaki shahada. Simama pekupeku: uzito umegawanyika, kisigino kinabeba na mbele panabeba. Sasa inua kisigino inchi 3. Umekuwa kama mtu aliyesimama kwenye mteremko wa feri maji yamekupwa, mwili wote unashuka mbele, na mzigo unaishia kwenye vifupa vya mzizi wa vidole, vidole vyenyewe vimebanwa kwenye ncha ya kiatu havina pa kwenda. Ili usianguke kifudifudi unakunja goti kidogo na kubinua kiuno. Wateja wangu wengi hulalamikia mgongo, wakalaumu godoro.

Kuna atakayesema mbona wazee wetu walivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, na ina kimo. Naam, ina kimo, lakini mbele na nyuma ni sawa, wayo umelala juu ya ubao kama ulivyolala sakafuni. Kinachoumiza ni tofauti kati ya kisigino na vidole, si umbali wa mguu na ardhi. Kiatu chenye kisigino cha inchi 3 na soli nene ya inchi 1 mbele, mguu unahesabu 2. Akina mama, mkienda mitumbani Kongowea pimeni hivyo. Tena tazameni upana: kisigino cha ncha ya penseli kinaingia kwenye mianya ya kabro, na siku hiyo utakuja kwangu ukichechemea, au usije kwangu, uende hospitali.

Kwa nini sikumkatia? Ndani ya soli, baina ya kisigino na mbele, mna kipande cha chuma kilichopindwa kwa kimo kile kile kilichokusudiwa. Ukipunguza robo inchi kiatu kitavumilia. Ukizidisha, ncha inainuka kama omo ya jahazi, mvaaji anarudishwa nyuma, na siku moja chuma kinakatika katikati ya barabara. Wako mafundi wanaokata tu ilimradi wamelipwa. Simtaji mtu.

Wala sisemi mwanamke avitupe vyote leo usiku. Hilo nimeliona nyumbani kwangu. Mama watoto aliuza leso katika duka moja la Biashara Street miaka 12, akivaa kisigino kila siku ya kazi. Alipoacha, akagawa viatu vyake vyote na kuhamia ndala tambarare siku ile ile. Haikupita wiki mbili, akishuka kitandani alfajiri hatua za kwanza anashika ukuta. Sisi mafundi nasi tuna simu, nikasoma. Mwaka 2010 watafiti wa Austria na Uingereza walieleza jinsi walivyowapima wanawake waliozoea visigino vya sentimita 5 kwenda juu kwa miaka, wakakuta nyuzi za msuli wa shavu la mguu zimefupika kwa kama asilimia 13, na ile kano nene ya nyuma ya kisigino imekakamaa. Yaani mguu umejipunguza ukamfuata fundi wa kiatu, kisha ghafla unaambiwa unyooke. Tukamshusha polepole: inchi 2, halafu 1 na nusu, halafu 1, na kila jioni anasimama kwenye ngazi visigino vinaelea nje, anajishusha taratibu huku ameshika ukuta. Ilichukua miezi. Ndala mpaka leo anavaa bafuni tu.

Sasa niseme na wenye hoteli, na maduka na ofisi zenye mtindo huo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kulinda usalama, afya na ustawi wa anaowaajiri, tena inataka wanaofanya kazi wima wapatiwe pa kuketi wapatapo mwanya. Huyu binti anasimama saa 8 na nyuma ya kaunta yao hakuna hata kigoda. Ufilipino, mwaka 2017, wizara ya kazi ilikataza kuwalazimisha wanawake visigino virefu, ikaandika kwamba kiatu kisibane vidole, na kisigino kisizidi inchi 1, kiwe kipana. Jimbo la British Columbia kule Kanada lilifuta sharti kama hilo mwaka huo huo. Kwetu tunasubiri nini? Mgeni aliyekesha ndani ya ndege kutoka Ujerumani anataka ufunguo wa chumba na maji baridi. Hachungulii chini ya kaunta.

Kanuni inayofaa haijazi mstari mmoja: kiatu cheusi, safi, kipana mbele, kisigino kisichozidi inchi 1. Hata mimi itanipunguzia riziki, kwa maana vile vipande vya raba vya mchuchumio ndivyo vinavyonilisha, pea moja hunirudia kila mwezi.

Yule binti nilimweleza haya yote, akanisikiliza vizuri, akauliza bei. Nikabadilisha raba, nikabandika ngozi mpya mbele na kuweka kipande cha sponji ndani, shilingi 250. Akasema atavichukua akilipwa, kwa sasa atavaa vya dada yake vya inchi 1 na nusu.

Jana jioni amenipigia. Amepewa barua ya onyo. Anaomba nifungue kibanda mapema kesho, saa 12 asubuhi, avipitie vile vya msumarini akitoka feri. Nimeshavipaka rangi.

Fundi wa viatu,
Mwembe Tayari, Mombasa