Kwa Baba Mkubwa, kuhusu Rehema na sheria ya viungo

Leicester, Uingereza

Baba Mkubwa, shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imekaza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umeambiwa barazani kwamba huku mtu akifa serikali inachukua figo zake bila kumuuliza yeyote, na sasa unasita kumruhusu Rehema aje kusomea uuguzi. Waliokuambia hawakuzua. Sheria ipo, ila wamekupa nusu yake.

Tangu tarehe 20 Mei 2020, England inamhesabu kila mtu mzima kuwa ameridhia kutoa viungo akifa, isipokuwa awe amekataa. Wales walitangulia, Desemba 2015. Kabla ya hapo, aliyekaa kimya alihesabiwa hajaridhia. Kilichogeuzwa, basi, ni maana ya kimya. Haki ya kukataa haikuguswa. Na Rehema mwaka wake wa kwanza hayumo kabisa, kwa sababu sheria haimshiki aliyeishi England chini ya miezi 12 kabla ya kufa, wala mtoto wa chini ya miaka 18, wala ambaye akili haikumwezesha kuielewa.

Hata kwa inayemshika, si kila maiti. Katika watu 100 wanaofariki, kama mmoja tu ndiye hufa katika hali inayofaa: hospitalini, chumba cha mahututi, mashine ikimsaidia kupumua. Ikidhaniwa ubongo umekufa, madaktari wawili wanapima, kisha wanarudia vipimo vyote, nao hawamo katika kikosi cha kupandikiza. Baadaye ndipo muuguzi wa kazi hiyo hufungua daftari la taifa la wachangiaji, akaketi na familia. Familia huulizwa kila mara. Wakisema marehemu hakutaka, inaishia hapo.

Sasa hapa ndipo sisi watu wa Pwani tunapokwama. Kuzungumzia kifo cha kijana aliye hai ni uchuro, kwa hiyo hakuna anayejua mwenzake anataka nini. Muuguzi anauliza, "Yeye angependa nini?" Watu wanatazamana. Mkubwa wa ukoo anasema hapana, si kwa kuwa marehemu alikataa, bali kwa kuwa hapana haina lawama. Uamuzi wa nani huo? Si wa serikali, na wala si wa marehemu. Usione ni aibu yetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha Ujerumani watu 12 tu kati ya 100 walihesabiwa wameridhia, na jirani zao Austria zaidi ya 99. Lugha moja, mpaka mmoja. Waaustria hawakuwazidi wenzao huruma. Kwao aliyekaa kimya amekubali, kwa Wajerumani lazima useme. Mwenye kupanga fomu amekuamulia nusu ya jambo kabla hujashika kalamu.

Upande wa dini, mwaka 1995 baraza la sharia la Waislamu wa Uingereza lilitoa fatwa ya kuruhusu, na fatwa nyingine ndefu, yenye masharti, ikatolewa 2019. Wapo pia masheikh wasiokubali, kwa hiyo Rehema amuulize anayemwamini. Mwili hushonwa na kurudishwa. Kuosha na kukafini kunawezekana. Kinachosumbua ni muda, maana shughuli yote huweza kuchukua siku nzima au zaidi, na sisi tunataka kuzika upesi. Hilo afadhali alijue mapema.

Kwa mtoaji aliye hai, nadhani huku wametuzidi. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na mtoaji ni ndugu aliye hai. Sasa fikiria kikao cha ukoo, kaka mgonjwa yupo pale pale, mama analia: nani atasema hapana? Huku mtoaji lazima ahojiwe na mtu asiye wa kikosi cha matibabu, peke yake kisha pamoja na mgonjwa, kuhakikisha hakushurutishwa wala hakulipwa. Akighairi hata asubuhi ya upasuaji, anaachwa, na sababu yake ni siri yake. Ndugu hawaambiwi.

Rehema akifika na kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, aingie kwenye daftari lile. Anaweza kukubali viungo vyote, kukubali baadhi tu, kukataa, au kuteua mtu mmoja au wawili wa kumwamulia. Akikubali, pana mahali pa kuweka alama ili wauguzi wazungumze na familia kuhusu masharti ya dini yake. Kubadili ni wakati wowote. Kosa la wengi ni kujaza na kunyamaza. Siku ya siku familia inashtuka, inapinga.

Akitaka kuteua, mteule awe mtu mzima na simu yake ipokewe hata usiku wa manane. Moyo ukishatolewa hukaa saa 4 hivi tu, figo huvumilia saa 24 na zaidi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kusubiri kikao cha Tanga. Mwulize Rehema mwenyewe anamtaka nani, na tafadhali Baba Mkubwa, Mama Mkubwa asimjibie. Kisha nitumie jina na namba.

Wasalimie wote hapo Ngamiani.

Mwanao