Hondohondo wako wanatafutwa

Msasani, Dar es Salaam
Juni

Somoe shoga yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Masasi, wewe na mama na watoto. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa Shabani ana mafua ya kipupwe na mimi mgongo ni ule ule. Mama anaendeleaje na mguu? Nijibu hilo kabla ya yote. Nimepiga simu mpaka yule dada wa "haipatikani kwa sasa" nimemzoea kama wifi. Chande ndiye aliyeniambia kwamba huko shambani mtandao mpaka mtu apande kichuguu, nikasema basi niandike kama zamani, mpwa wake anasafiri Ijumaa atakufikishia mkononi. Kuna na kifurushi. Usikifungue mbele ya watoto.

Sasa nisikilize. Hondohondo wako wanatafutwa.

Si unaikumbuka ile picha ya ndege uliyomwachia Bi Tatu ulipoondoka, dume anapeleka tunda kwenye tundu la mti na jike yumo ndani, haonekani ila ncha ya mdomo? Bi Tatu ameitundika juu ya friji ya soda, imekula moshi wa chapati mpaka ile njano imeelekea kuwa kahawia. Juzi kaingia mama mmoja kununua maji. Kazi yake ni kupamba mahoteli, sasa hivi ana hoteli Zanzibar. Akaitazama picha mpaka chenji akaisahau mezani. Nani kachora? Bi Tatu, unamjua akinusa biashara, akasema wachoraji wako hapo hapo nyuma, ngoja nikuitie. Akaniita mimi!

Anataka za kujaza korido nzima. Hondohondo watupu, kila mmoja na mti wake. Na bei aliyoitaja, shoga, siiandiki humu kwa sababu mpwa wa Chande anajua kusoma.

Nikamwambia mwenye picha hayupo, yuko Masasi anauguza. Akasema si neno, wewe si upo, na ninyi si wote mnachora mtindo mmoja?

Somoe, tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni. Maana ni kweli, halafu si kweli. Huyo marehemu Mzee Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo wetu, jirani yenu wa Tunduru, alianza kuchora 1968, na 1972 polisi wakampiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu. Miaka minne basi! Bila wale vijana wake, kina Ajaba na Linda na Adeusi na Tedo na Mpata, kukaa ubavuni pake wakaiga mkono wake, habari ingeishia pale pale Morogoro Stores alipouzia picha zake, na leo mimi na wewe tungekuwa tunauza maandazi. Hakuna aliyetufundisha kwa kitabu. Wewe umeiga kwa Mzee Hashimu, mimi kule kugonga rangi ya chini kwa ncha ya kidole nimekuiga wewe, na sasa kuna binti hapa anaiga kwangu hata ninavyoshika sigara yangu isiyowashwa. Kwetu kuiga ndiyo shule. Hilo nimemjibu mzungu zaidi ya mmoja aliyetuletea habari za wizi.

Lakini chui ni chui, kila mtu anamchora. Hondohondo wa kwenye tundu ni wa bibi yako.

Nilimwendea Mzee Hashimu anishauri. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mnyama hana mwenyewe. Sheria ya hakimiliki inalinda picha uliyochora, hailindi wazo la kichwani." Maneno ya mtu mzima, nikataka kuondoka nimeridhika. Halafu nikakumbuka wale samaki wake wa duara. Si ni yeye huyu huyu aliyemnunia Chande mpaka msiba wa Mzee Saidi ukawapatanisha, kisa Chande kachora samaki wakizunguka mkia kwa mdomo? Nikamuuliza. Akavaa miwani yake. "Wale walikuwa mambo mengine."

Na usidhani watu wamelala. Dulla mrefu kasikia habari za yule mama, kesho yake ana hondohondo kwenye fremu. Mdomo kama sambusa. Na jike kamweka nje, amekaa tawini kama anasubiri daladala! Nikamwambia we Dulla, jike anakuwa ndani, tundu limezibwa, ndiyo maana dume anampelekea chakula. Akasema, "Dada, akiwa ndani mteja atamwonaje?" Picha ikauzwa jioni ile ile kwa mtalii. Hapo ndipo ninapochoka na kazi hii.

Hali ya soko yenyewe ndiyo ile uliyoiacha. Masika imekwisha, wageni wameanza kuonekana, na kila mmoja anataka wale wanyama wakubwa watano na Mlima Kilimanjaro nyuma, hata ukimwonyesha picha ya pweza anauliza mlima uko wapi. Rangi ya mafuta imepanda tena. Kusi nalo linavuma, ukitoa kitambaa nje kikauke kinarudi na vumbi na nywele za mbuzi wa Mama Asha, kwa hiyo naamka alfajiri kupiga rangi ya chini kabla upepo haujachangamka, naianika kwenye korido, nasubiri, halafu ndipo naanza miili ya wanyama. Madoa na vitone navifanya mchana, watoto wakiwa shule. Hiyo ndiyo siku. Mtu akinitazama nikitia vitone saa nzima anasema natafakari, kumbe nahesabu kodi.

Yule mama wa hoteli naye aliniuliza, mawazo ya picha mnayatoa wapi? Nikasema kwa mwenye nyumba, kila tarehe moja. Alicheka sana, akadhani namtania.

Ila swali lenyewe limebaki kichwani. Mimi najua yangu yanatoka wapi. Yanatoka kwa pono. Asubuhi madau yakirudi nateremka pwani, sinunui, natazama tu, mpaka kina Kassimu wameshanipa jina. Pono akitolewa tengani ana kijani ambacho hakimo kwenye kopo lolote dukani, na pembeni ya mdomo ana michirizi ya waridi kama mtu aliyejipaka akiwa garini. Muda mfupi tu juani anafifia, anakuwa kijivu cha samaki yeyote. Kwa hiyo nakimbia. Naingia bandani na kanga yangu kichwani, nachanganya kwenye mfuniko wa kopo, kijani na buluu na tone la nyeupe, narudia mpaka nimkute. Siku nikimpata, picha hiyo hata nikiijaza makorokoro inauzika, kwa sababu katikati yake kuna kitu nilichokiona kwa macho yangu. Simba je? Simba namchora tangu sijaolewa na sijawahi kukutana naye. Wala hanidai.

Sasa hondohondo nilijaribu, nisikufiche. Si kwa kuuza, kwa kujua. Nikachukua kipande cha hadibodi, nikagonga anga kama zako, chungwa likipanda kwenda buluu, nikaweka mti, nikaweka ndege. Rangi safi, mstari safi, vitone mahali pake. Na hakuna kitu! Ndege amekaa pale kama amepigwa msumari. Wa kwako anaegemea. Kifua kimelala kwenye gome, mkia umebana mti chini, shingo imekunjwa, na lile tunda kalishika kwa ncha kabisa ya mdomo, unaona anaogopa lisianguke. Nilikaa juu ya kreti la soda kwa Bi Tatu nikiutazama huo mkia peke yake mpaka chai ikapoa. Hilo hukuliiga kwa Mzee Hashimu. Uliliona ukiwa mtoto, chini ya mti, na bibi yako anawakataza kurusha mawe kwa sababu mke wa mtu yumo ndani, mabawa yamepukutika manyoya, hawezi kuruka, na anayemlisha akipata baya watoto wote wamekwisha. Nakumbuka ulivyonisimulia, tulikuwa tunabana pini kwenye fremu na mvua inapiga bati, na ulipofika kwenye ule ufa mwembamba wanaouacha kwenye udongo ukaniwekea vidole viwili mbele ya jicho.

Na ile nafasi tupu uliyoiacha pembeni! Chande si alikusimanga, jaza, weka majani, weka kipepeo, mteja analipia picha hapendi kulipia ukuta. Ukagoma. Mimi huwa natazama picha za zamani za Mzee Tingatinga mwenyewe, zile kwenye vitabu wanavyokuja navyo wageni: mnyama mmoja, rangi moja nyuma, basi. Kipande cha hadibodi cha mraba na rangi ya kupakia baiskeli, na mnyama anakutazama. Sijui hii hofu ya nafasi tupu tuliianza lini sisi. Nadhani tuliambukizwa na wanunuzi.

Basi rai yangu ni hii, na usiikatae kabla hujamaliza kusoma. Zichore wewe.

Najua, najua. Mama. Salfa ya mikorosho, na mwezi huu ndio wa kupuliza. Chande anasema tangu uende hujashika brashi, ati unasema mikono imeshazoea bomba. Simwamini Chande hata kwa habari ya mvua inayonyesha, lakini hii imeniuma. Mtu anayeona mkia vile anaachaje?

Angalia kwenye kifurushi. Ni vitambaa vya marekani, nimeshavipaka rangi ya chini na kukausha, nimevizungushia bomba la plastiki visikunjike. Na brashi, zile nyembamba nimezipunguza kwa wembe kama unavyopenda. Rangi sikuthubutu kuiweka kwenye basi, ila Masasi mjini maduka ya vifaa vya ujenzi hayakosi rangi ya mafuta, chukua makopo madogo. Ukimaliza, viache vikauke sawasawa, hata wiki, usiharakishe, halafu vizungushe na magazeti katikati unitumie kwa basi. Huku fremu nabana mimi, kuzungumza na yule mama nazungumza mimi, kumbana alipe kianzio nambana mimi. Sahihi ni yako chini kulia. Hela, yako kubwa yangu ndogo, tutapatana. Bi Tatu naye anadai fungu lake, anasema bila friji yake hakuna ambaye angeona kitu. Nimempa jibu ambalo haliandikiki.

Ukisema huwezi, nitamwambia yule mama hapana. Ninasema hivi leo, Jumatano, kodi bado siku zake. Ndiyo maana nataka jibu mapema. Sitaki nifike tarehe moja nimekaa na hadibodi mkononi na Dulla pembeni ananiambia dada mbona unajitesa.

Na ukisema chora wewe, nimekuruhusu, hilo nalo sijui kama nalitaka. Ruhusa utanipa, mkia utanipaje? Au labda utanipa. Labda ukinieleza vizuri. Kwa hiyo hata kama ni hivyo, nijibu haya: macho yake ni rangi gani, na yana ukingo? Hilo pembe juu ya mdomo wanalo wote au dume tu? Udongo wa kuzibia anauleta nani? Watoto wakitoka wanatokea wapi, tundu linabomolewa au wanapanua ule ufa? Na anga ya siku ile uliyoona, ilikuwa jioni kweli au chungwa ulilitaka tu?

Mti wa bibi upo bado, au umeshakuwa mkaa? Mikorosho imetoa maua? Mwaka huu mnauza kwa mnada wa chama tena, na fedha za mwaka jana mlilipwa zote? Zuhura anasoma darasa la ngapi sasa, na ule mkono wake wa kushoto anaandikia au wamemlazimisha wa kulia? Nani anaweza kukaa na mama angalau asubuhi, ukapata saa zako mbili tatu? Dada yako wa Nachingwea harudi? Na yule aliyekuwa akileta maneno ya posa, mbona hukumalizia habari yake, ulikata simu katikati nikabaki nimeinua kijiko.

Mpwa wa Chande anarudi Jumanne. Mwandikie. Kama huna nafasi ya kuandika mpe kwa mdomo, lakini umpe neno moja tu, ndiyo au hapana. Ukimpa mawili atayachanganya njiani.

Ni mimi wako,
Mwanaidi

N.B. Rangi nyeusi usinunue, kuna robo kopo nimelifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki ndani ya viatu vya Zuhura. Hilo moja nilithubutu.