Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bustani ya Kando ya Msimbazi

Ndugu wanachama,

Naanza na miche iliyopotea, maana wengi mmeniulizia, wengine kwa kicheko. Mwezi wa pili tulipanda mikuyu chini kabisa, karibu na maji, ambako udongo ni laini na jembe linazama bila tabu. Masika yalipoingia, mto Msimbazi ukashuka kutoka vilima vya Pugu na chupa, matairi na godoro moja, ukaondoka na miche yote. Katibu alikuwa ametutahadharisha. Uamuzi ulikuwa wangu. Mikuyu mipya tumeipanda juu ya ukingo, na kule chini tumeyaacha matete yajiotee. Matete hulala maji yakipita, kisha huinuka.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa mlusina. Mti huu asili yake Amerika ya Kati, na ulisifiwa kwa kuni na malisho. Kwetu umeziba ukingo mzima. Ukiukata kwa panga unachipua, mwaka jana tulikiona. Safari hii michanga tuliing'oa na mizizi yake, na visiki vikubwa tukawa tunavirudia kukwanyua machipukizi. Mbegu zake hukaa ardhini miaka zikingoja mvua, kwa hiyo msishangae nikiwaita tena palepale.

Mwarobaini ulituletea ubishi. Kivuli chake hakina mfano, na kina mama wa mtaani wanachuma majani kwa dawa. Lakini umetoka India, nasi tulikubaliana kurudisha miti ya asili ya kwetu: mkuyu, mvule na mkwaju. Iliyopo itabaki, mipya hatupandi. Mwenye neno aseme leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakulima wa mchicha wa pale wanaijua kuliko sisi, na mchicha bado upo. Sitaki kamati iwe askari wao. Hao ndio waliomwagilia miche yetu kiangazi, sisi tukiwa majumbani.

Na hapo niseme wazi: siku ya kupanda tulijaa hadi fulana zikaisha. Mwezi wa tisa, zamu ya ndoo, nilihesabu watu watano, mimi nikiwemo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Ombi langu ni kwamba mapanga yaliyoazimwa yarudi, na orodha ya zamu za kumwagilia ijazwe kabla ya chai.