Siku ya Akina Baba, tuwaite mbele na baba wadogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo moja kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wa Nyanda za Juu Kusini, kabla Jumapili ya tatu ya Juni haijafika.

Siku hiyo makanisa mengi ya huku huwaombea akina baba, na asili yake ni kanisani kweli. Sonora Smart Dodd wa Spokane, Marekani, alipata wazo hilo mwaka 1909 akisikiliza mahubiri ya Siku ya Mama. Akamkumbuka baba yake mjane aliyelea watoto sita, na tarehe 19 Juni 1910 siku hiyo ikaadhimishwa mjini kwao. Lakini kila nikitazama wanaoitwa mbele kuombewa, naona kundi moja linabaki kwenye mabenchi: baba wadogo, babu na wajomba waliolea watoto wa ndugu zao waliofariki.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, wilaya ya mkoa wa Njombe. Aliyeishi Makete ya miaka ya tisini hahitaji kuelezwa tulivyozika. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU asilimia 14.8 wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1, na ule wa 2022–23 umeikuta bado na 12.7. Dawa zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na wazazi wangu walikuwa wameshatangulia. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Mdogo wake baba, ambaye naye alikuwa na watoto wake, akasema sisi tutakwenda kwake. Hakuna aliyempongeza, kikao kikaendelea na habari ya madeni ya msiba.

Alikuwa mpasua mbao, wa enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini. Yeye alikuwa wa chini, kwa hiyo jioni alirudi na unga wa mbao kwenye nyusi na ndani ya ukosi wa koti. Tukishakula alituongoza sala. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na akikutana na jina gumu aliisogeza Biblia kwa mtoto aliyekaa karibu naye amsomee, awe wa kwake au sisi. Kisha aliomba akitutaja mmoja mmoja kwa kufuata umri. Mimi nilitajwa kabla ya binti yake wa pili, kwa sababu nilimzidi miezi michache. Mtoto yatima husikia jambo kama hilo hata akiwa anasinzia. (Mkewe, mama yangu mdogo, aliyegawa sufuria ileile kwenye sahani nyingi zaidi, anastahili barua yake peke yake.)

Baba aliacha shamba dogo la misindano. Kila kiangazi baba mdogo alianza kufyeka na kulima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba la marehemu kabla ya kugusa la kwake. Mwaka ambao mwanawe mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, alikuja mnunuzi kutoka Makambako na fedha mkononi, akaitaka miti ya baba kwa kuwa ilikuwa imenyooka vizuri. Nilikuwa uani nikimenya viazi, nikamsikia akijibu, "Miti hiyo ina wenyewe, wako shuleni." Akaenda kukopa ada kwa mtu mwingine. Miti ile ndiyo iliyonilipia chuo cha ualimu.

Najua wapo baba wadogo wa namna nyingine. Nimefundisha watoto ambao miti ya baba zao iliuzwa hata arobaini haijafika, na wachungaji wana haki ya kulikemea jambo hilo kwa sauti. Ninachoomba ni kwamba kemeo lisiwe neno pekee ambalo baba mdogo analisikia kutoka madhabahuni. Kijana aliyefiwa na kaka yake leo asikie pia kwamba yupo mwanamume wa usharika wake aliyebeba watoto wa ndugu yake miaka yote hiyo bila kuwapunja.

Maandiko hayajawasahau watu hawa. Mordekai alimtwaa Esta, binti wa baba yake mdogo, alipofiwa na wazazi, na hata alipochukuliwa nyumbani mwa mfalme, Mordekai alipita mbele ya ua kila siku apate kujua hali yake. Na Yusufu ndiye aliyempa mtoto jina la Yesu, akaamka usiku kumkimbiza Misri, ingawa Injili hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Walipompata hekaluni, Mariamu, aliyeijua siri yote, alimwambia mwanawe, "Tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Wenzetu Wakatoliki wana sikukuu ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, na Papa Fransisko alimtengea mwaka mzima kuanzia Desemba 8, 2020. Sisi Walutheri na Wamoraviani tunaweza kujifunza hapo bila kupoteza chochote.

Nililohuzunika zaidi nililiona kwenye ibada ya kipaimara. Msomaji wa majina alitaja, "mtoto wa marehemu fulani," wazazi wakaitwa wasimame nyuma ya watoto wao na kuwawekea mikono mabegani, na kijana yule akabaki peke yake mbele ya watu wote. Babu yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa na aliyemnunulia suti aliyovaa siku hiyo, alikuwa benchi la nne, kofia magotini. Hakuitwa, na kwa heshima ya madhabahu hakuthubutu kunyanyuka.

Ombi langu ni dogo. Fomu ya kipaimara iwe na nafasi ya jina la aliyemlea mtoto, na majina yote mawili yasomwe; marehemu hapunguziwi kitu. Na Juni hii, wakiitwa akina baba, mchungaji aseme wazi kwamba wanaitwa pia waliolea watoto wasiowazaa. Baba mdogo wangu yu hai, kule Makete, mgongo umeinama kwa ile kazi, na bila kutajwa waziwazi najua atabaki amekaa. Wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya wanawajua watu hawa nyumba kwa nyumba, kwa hiyo majina yanaweza kufika kwa karani kabla ya Jumapili yenyewe.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Makambako, Njombe