Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha madereva wa bodaboda, wazee wetu waasisi, na wageni waalikwa,

Hesabu atawasomea mhazini, na katibu anayo orodha ya waliojiunga na waliotangulia mbele ya haki. Ya kwao nawaachia wenyewe. Kwa ufupi tu: ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, mfuko wa kufa na kuzikana umelipa kila msiba ulioletwa ofisini kwa wakati, na wanaoendesha bila leseni ya daraja A, ile ya pikipiki, wamepungua. Vipo vijiwe viwili ambavyo bado vinatutia aibu kwa hilo. Vinajijua, na nitavipitia mwenyewe wiki ijayo.

Muda uliobaki nautumia kwa ule moto wa siku ya majaribio. Wengi mmeuona kwenye simu, na video zile zinaanzia pale moto umeshapanda. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabla haujawaka.

Kampuni moja ya kuuza pikipiki ilitualika tukajaribu pikipiki zake mpya, za petroli na za umeme, kabla haijaanza kuzitoa kwa mkataba, yaani dereva anachukua chombo na kukilipia kidogo kidogo. Unavaa kofia, unazunguka uwanja, unarudi, anapanda mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, na za petroli hazikupoa tangu asubuhi. Moja ilipoishiwa wese, kijana wa kampuni alikuja na kidumu akaijaza hapo hapo, injini ingali inatokota. Tanki likafurika, petroli ikachuruzika ubavuni hadi kwenye injini. Akapangusa na kitambaa. Mwenzetu akapanda, akapiga stata, na kabla hajatoka kwenye mstari mwali ulikuwa umeshapita katikati ya miguu yake.

Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini, kwenye injini, ekzosi na nyaya. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Mbagala saa saba mchana. Kitambaa kinaondoa unachokiona tu.

Mwenzetu aliiachia pikipiki ikaanguka, akakimbia. Nimesikia vijiweni wanamcheka kwamba alitupa chombo cha watu. Kamati inampongeza, na wanaomcheka wangekuwa na la kutueleza kama leo tungekuwa tunasoma jina lake kwenye orodha ya katibu.

Mwingine, kwa nia njema, akaja na ndoo ya maji akaimwaga. Petroli huelea juu ya maji, basi moto ukasafiri na maji hadi jirani na viti vya wageni. Mtungi wa kuzimia moto wa kampuni ulikuwepo, tena mpya, ila ulikuwa ndani ya gari lililofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Aliyetuokoa ni konda wa daladala iliyokuwa imeegeshwa barabarani. Alikuja na mtungi wake wa unga mkavu, akavuta pini, akapuliza kwenye shina la moto, akipeleka mdomo wa mtungi kushoto na kulia. Mama lishe wawili wakamalizia kwa mchanga, wakiuzoa kwa sufuria zao. Wote watatu wamekaa safu ya mbele leo. Naomba tuwapigie makofi.

Wanachama waliozisukuma mbali pikipiki za umeme walifanya jambo ambalo halikuonekana kwenye video yoyote. Betri ya lithiamu ikishika moto, ule mtungi wa konda usingetosha. Betri hizo huhitaji maji mengi sana ya kuzipoza, na zinaweza kuwaka tena saa kadhaa baada ya watu kudhani zimezimika. Ninyi mnaohamia kwenye umeme, msichaji betri uvunguni mwa kitanda wala mlangoni, maana mlango ndiyo njia yenu ya kutokea. Ikianza kutoa moshi, tokeni wote, mpige 114, namba ya Zimamoto.

Kijana wa kampuni aliungua mkono. Mtu alishakimbilia duka la jirani kununua dawa ya meno. Mwanachama wetu aliyesomea huduma ya kwanza akamzuia, akamweka yule kijana bombani, maji yakitiririka juu ya mkono kwa dakika 20, ndipo akapelekwa hospitali. Dawa ya meno, samli, yai bichi: vyote vinamwongezea muuguzi kazi ya kusafisha kidonda na mgonjwa maumivu.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu vijiwe vyetu haviko salama kuliko uwanja ule. Nimeona kidumu cha petroli kimefungwa nyuma ya kiti cha abiria. Nimeona pikipiki yenye taa za rangi, redio, chaja ya simu na king'ora, vyote vimeunganishwa kwenye betri moja bila fyuzi, nyaya zimeshikizwa kwa kipande cha plastiki. Na hakuna dereva wa bodaboda Tanzania anayehitaji kukumbushwa Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, wakafa zaidi ya 100, na wenzetu wa bodaboda wakiwemo.

Halafu kuna mkataba. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Pikipiki yako ikiteketea haikupi kitu. Nimesoma mikataba ya wanachama inayomtaka dereva aendelee kupeleka hesabu, yaani malipo yake kwa mwenye chombo, hata chombo kikiwa jivu, na mingine haijataja moto kabisa. Kabla hujatia saini, mletee katibu aisome. Hatozi chochote.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, kila kijiwe kinunuliwe mtungi wa unga mkavu kutoka mfuko wa maendeleo, utundikwe mahali pa wazi, usifungiwe kwenye banda la mtu. Pili, chama kisipeleke mwanachama kwenye majaribio ya kampuni yoyote mpaka tumeona mitungi ikiwa nje, mtu wa kuishika, na sehemu ya kujazia mafuta iliyo mbali na watu, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kampuni ile imegharamia matibabu ya kijana wake na imetuandikia ikiomba kurudia majaribio mwezi ujao. Kamati haijajibu. Tutapiga kura kwa kunyoosha mikono mara mhazini akimaliza: kwanza mapendekezo, kisha barua ya kampuni. Aliye na deni la ada alimalize kwa mhazini sasa hivi, kwa sababu kwa katiba yetu mkono wake hautahesabiwa.

Mwenyekiti