Bahasha zimewafundisha kuliko daftari

Mhariri,

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wamekariri vizuri tu kwamba mwaka 1913, kiwanda cha Ford kule Highland Park, Marekani, kilianza kulisogeza gari kwa fundi badala ya fundi kulizunguka gari, na muda wa kuunga chesisi (kiunzi cha chini kinachobeba gari) ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Nikauliza: kwa nini? Kimya.

Jumanne nikaja na karatasi za kaki, mikasi na gundi ya unga wa ngano. Tukatengeneza bahasha. Mmoja anapima, wa pili anakata, wa tatu anakunja, wa nne anapaka gundi, wa mwisho anakagua. Haukupita muda, mkunjaji akazidiwa, karatasi zikamwagika sakafuni, na mkaguzi akabaki anapiga miayo. Wakaanza kumzomea mwenzao. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Msimzomee, mwongezeeni mtu." Wakaongeza mkunjaji wa pili, bahasha zikaanza kutiririka. (Mkataji naye akaanza kulalamika mkono unamuuma na kazi inachosha. Hilo nalo ni somo.)

Gharama yake haikufika hata nauli ya kwenda Bagamoyo. Kilichobaki ni kuona mashine zenyewe. Viwanda vya Barabara ya Nyerere tunavipita kila siku kwenye daladala, lakini barua yetu ya kuomba ziara katika kimojawapo ina miezi minne bila jibu. Tunaomba saa moja tu, hata Jumamosi.

Mwalimu,
Dar es Salaam